Mahali Pasiposikika Mashine

Kijiji chenyewe sitakitaja. Nikisema ni upande wa Geita, kwenye ukingo wa ziwa, inatosha, na hata hapo naona nimesema mengi. Nawajua watu wa kwetu. Ukisema mahali fulani ni pazuri na hapana watu, mtu atakuwa amekwisha kufunga sururu kwenye baiskeli kabla hujamaliza kusimulia. Niliyaona hayo kwa macho yangu mwaka nilioishi kule, nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, na tangu wakati huo sijaona jambo la kunibadilisha mawazo. Ndiyo maana juzi, kwenye msiba wa Mama Shija hapa Ngokolo, Shinyanga, mwanawe aliponivuta kando na kusema kwa sauti ambayo turubai zima lilisikia, "Mama mdogo, nina neno la faragha na wewe," nililijua neno hilo kabla hajalitoa. Nililijua tangu asubuhi, kwa jinsi alivyokuwa akinitupia jicho wakati wa misa. Nikamwambia angoje kwanza watu wamalize kula. Nikaenda kukaa na wanawake wanaochambua mchele, nikajifanya sina habari, huku moyoni narudi kule ziwani.

Mwaka ule nilikuwa mfanyakazi wa Mama Kabula, mwanamke mnene wa maneno machache, mwenye nyumba ya wageni iliyotazama maji. Siku za kawaida palikuwa mahali pa kuvuta pumzi. Lakini ikifika Pasaka, Idi au Krismasi, Geita nzima ilihamia kwetu, na Kahama, na Shinyanga, wengine wamejazana kwenye Fuso kama magunia. Vijana waliotoka machimboni na hela ambayo bado ilikuwa na joto walitaka vitu vitatu: sato wa kukaanga, bia, na muziki wa kuzidi muziki wa jirani. Kila baa ilikuwa na spika zake na kila spika ilikuwa na wimbo wake. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa jiko, na dirisha lake lilikuwa tundu tu la kuingizia moshi na maneno ya watu. Nikiwa nimelala kitandani mchana, nikinuka mafuta ya samaki, niliwasikia wageni wa aina nyingine, walimu na wafanyabiashara wazima wazima, wakilalamika mezani kwamba wao walikuja kupumzika na wamekuta soko. Mama Kabula hakuwahi kuacha lalamiko lipite bila kuona biashara ndani yake. Siku moja akaniita jikoni, akachana kanga nyekundu iliyochakaa vipande vipande, akanipa.

"Minza, wewe huna mume wala mtoto, miguu unayo," akasema. "Nenda huko ukingoni unitafutie mahali pa utulivu. Ukipapata, simika kijiti, ufunge kitambaa, ili nikimtuma mgeni asipotee. Mkeka nitampa, samaki nitamfungia. Atalipia utulivu wake."

Basi nikawa mtafuta utulivu. Watu walinicheka, na mimi mwenyewe nilijicheka, lakini miezi ile ilinifundisha kitu ambacho sijakiacha mpaka leo: mahali penye watu wengi pakiwa na kona isiyo na mtu, ujue kuna sababu. Kona ya kwanza niliyoipenda, yenye mchanga mweupe na kivuli kizuri, ilikuwa njia ya viboko kupanda kwenda kula. Ya pili ilikuwa kimya kwa sababu upepo ukigeuka ulileta harufu ya dagaa walioozea kwenye vichanja, mpaka macho yanatoa machozi. Kwenye ya tatu walizama ndugu wawili, na wenyeji hawakupita hapo bila kutema mate. Kila mahali nilisimika kijiti changu na kitambaa chekundu, kisha nikarudi kumwambia Mama Kabula na sababu yake, naye akasema ya viboko hatutampeleka mtu asubuhi, ya dagaa tutawapeleka watu wa pwani waliozoea. Mwishoni kabisa, nyuma ya majabali ambayo ilibidi kuyapanda kwa mikono na miguu, nikakuta kighuba kidogo. Maji safi, mchanga, mti mmoja wa kivuli. Nilikizunguka, nikachunguza nyayo za wanyama, nikanusa upepo, nikamuuliza mvuvi mmoja na mwenzake. Hakuna aliyeniambia sababu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, maana sababu isiyoonekana ndiyo mbaya zaidi. Nikafunga kitambaa upesi, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Mama Shija alikuja muda mfupi baada ya Pasaka, wageni wakiwa wamepungua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu, amefunga kilemba kikafunika masikio, na alisalimia kwa sauti ya kugombana. "Mwangaluka!" akapaza kwa Kisukuma akiwa bado getini, kama vile sisi tuko ng'ambo ya ziwa. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kishindo hicho hicho. Hakuuliza bei ya chumba wala kama kuna maji. Aliuliza, "Hapa kuna mashine yoyote ya jirani?" Mama Kabula akamwambia kuna jenereta ya baa, lakini huzimwa. Mgeni akatikisa kichwa, akaomba chumba cha mwisho kabisa. Sabina, aliyekuwa mpishi wetu na mtu wa kujua habari za watu wote, alimtambua mara moja. Akafunga mlango wa jiko, akaninong'oneza kwamba yule ni mwenye karasha. Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mapipa ya chuma yenye vyuma ndani, yanayonguruma kutwa kucha mpaka ardhi inatetemeka chini ya miguu. Mama huyu alikuwa nazo nne, na alikaa nazo tangu ujana wake, akilala kibanda cha pembeni ili wasimwibie mawe. "Sasa mwenye karasha," Sabina akasema, "anatafuta nini huku kwenye samaki?"

Swali hilo lilikuwa langu pia. Lilikuwa la kila mtu. Mama Shija alitaka kupelekwa mahali pa utulivu, tena siyo mahali pamoja tu, mahali pote. Mimi ndiye niliyempeleka, nimebeba mkeka na sahani iliyofunikwa, yeye mbele na mkoba wake wa ngozi ambao hakukubali niubebe. Tukifika penye kitambaa hakutazama maji. Alisimama katikati, akafumba macho, akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikiliza kipanga, halafu akaniuliza, "Huisikii mashine?" Nikasema siisikii. "Hata kwa mbali?" Nikasema hata kwa mbali. Akaguna. Tukala ugali wa muhogo na sato bila kuongea, tukarudi. Safari nyingine alikuja, tukaenda pengine, swali likawa lile lile. Sasa niambieni, mtu wa dhahabu anazunguka ukingo wa ziwa, anachagua sehemu zisizo na watu, na jambo pekee analotaka kujua ni kama mashine inasikika. Mimi niliona wazi. Anataka kuchimba kwa siri na kusaga kwa siri, na anapima mlio wa karasha utafika wapi. Siku moja alipoingia majini kunawa miguu nikapekua mkoba wake, na wala sijutii. Nilikuta rozari, chupa ya dawa ya masikio, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kitambaa, na tochi. Hapakuwa na jiwe hata moja. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nilisema moyoni, huyu ni mjanja, hatembei na ushahidi.

Jikoni maneno yaliongezeka kama unga unaoumuka. Kulikuwa na madalali wawili wa dhahabu waliokaa kwetu wakingoja wateja ambao sikuwahi kuwaona, vijana wa viatu vilivyochongoka, na dirisha langu liliniletea mazungumzo yao yote.

"Mwenye karasha hatembei bure, mwanangu."

"Ila hachimbi."

"Achimbe ya nini? Ameshauona mwamba. Anapima tu. Yule binti anamshikia vigingi."

Niliposikia neno vigingi nilicheka peke yangu, maana vijiti vyangu vilikuwa vya Mama Kabula, vya kuuzia utulivu. Sikulifikiria tena. Mwenyekiti wa kitongoji alianza kupita kwetu kunywa chai ambayo zamani hakuinywa. Mvuvi niliyemuuliza habari za kighuba akawa ananiuliza mimi. Hata Sabina, tuliyelala naye chumba kimoja, akaniambia kwamba nikipata changu nisimsahau, na nilipomwambia sina changu alininunia siku mbili. Watu hawakuamini kwamba mtu anaweza kupanda majabali kwa ajili ya kukaa kimya. Mimi ndiye niliyekaa naye kimya, na mimi mwenyewe sikuamini.

Kighuba nilikiacha mwisho. Sikutaka kurudi kule, lakini Mama Shija aliuliza kama kuna pengine ambako hajafika, na nilipositasita akajua kuna. Tukapanda majabali, yeye akihema, mpaka tukatua kwenye mchanga. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia sahani ikigonga kifuniko chake mkononi mwangu. Akasimama, akafumba macho. Nikangoja swali. Halikuja. Akavua kilemba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ndogo.

"Minza. Unamwogopa Mungu?"

"Namwogopa, mama."

"Basi leo usiseme cha kunifurahisha. Sikiliza vizuri. Huisikii mashine?"

Nikasikiliza. Nilisikia maji yakilamba mchanga. Nyuma ya mgeni wangu, juu ya ule mti, ndege mmoja alikuwa akipiga kelele ya kukera, kama mtu anayekwaruza sufuria. Mama Shija hakugeuka. Nikamtazama, ndege akapiga tena, karibu kabisa na kichwa chake, hakugeuka. Hapo ndipo shaka yangu yote ilipoanza kunitoka, taratibu, na nikaona aibu badala yake.

"Hakuna mashine, mama," nikapaza sauti.

"Kwa mbali? Inayonguruma chini chini?"

"Hakuna. Naapa."

Akaweka viganja juu ya masikio. "Basi imo humu," akasema, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Akanieleza kwamba kwa miaka mingi alikuwa anaisikia karasha hata ikiwa imezimwa. Kwenye zahanati walimpa dawa ya kudondoshea wakasema ni uchafu. Mganga alimwambia kuna mtu anamsagia dawa usiku. Yeye alijiambia ni mashine za watu, maana kule kwao hapakosekani mashine, na mtu huwezi kujua ya kwako na ya mwenzio. Ndipo akaja kutafuta mahali ambapo hapana kabisa. Nikamuuliza sasa atafanyaje. Hakujifikiria yeye hata kidogo. "Mimi nimeshaliwa," akasema. "Ila Shija wangu yuko kwenye karasha tangu alipomaliza la saba. Analala kile kibanda changu. Nitamleta hapa, nimsimamishe hapa hapa, nimuulize. Akisema hasikii kitu, nitauza zile mashine kesho yake. Akisema anasikia, nitaziuza siku hiyo hiyo." Akacheka kidogo, akafunga kilemba chake, na tukala michembe kwa karanga. Nimekula vitu vingi vizuri baada ya hapo, lakini kama kuna mlo ninaoukumbuka ladha yake ni ule.

Sikupata nafasi ya kumwambia mtu yeyote, na hata ningemwambia asingesadiki. Wale madalali walikuwa wametufuata. Walipoona kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye mchanga mtupu nyuma ya majabali, hawakuona mahali pa kutandika mkeka. Mchimbaji akitaka kuonyesha kwamba eneo lina mwenyewe, husimika kigingi akafunga kitambaa. Na hawakuishia hapo. Walirudi nyuma wakakuta kijiti cha viboko, cha dagaa, cha ndugu waliozama, vyote vimefuata ukingo wa ziwa, wakaviunganisha kichwani mwao na kupata mstari mmoja. Kwao hiyo ilikuwa ramani. Mwenye karasha amefuata mkondo wa mwamba na binti amemwekea alama. Kabla wiki haijaisha ikapigwa rashi, yaani wachimbaji wakamiminika kwa mamia kutoka kila upande, kila mmoja akiwahi duara lake, na duara ni shimo tu unalochimba mpaka upate au uchoke. Walichimba kwenye njia ya viboko. Walichimba chini ya vichanja vya dagaa. Wenyeji waliokuwa wakitema mate penye ndugu waliozama nao walichimba hapo, wanatema na kuchimba. Mama Kabula hakusikitika hata kidogo, aliongeza masufuria. Kwenye kighuba changu mti ulikatwa ukawa nguzo za mashimo, na mtu fulani, sijui alipitaje kwenye yale majabali, akaleta karasha akaifunga pale pale Mama Shija alipokaa.

Ndipo siku moja nikawaona wanakuja, mama na mwana. Shija alikuwa kijana wa rika langu, mabega mapana, mcheshi. Mama yake alimshika mkono kama mtoto na kumpitisha kwetu bila kusimama hata kunywa maji. Nilimkimbilia nikamwambia, "Mama, usiende, kumeharibika," naye akaitikia marahaba, akidhani nimemwamkia. Niliwafuata. Kutoka juu ya majabali tuliona vumbi, turubai za plastiki, wanawake wanaouza uji, watu waliopakaa tope wakiinua ndoo, na katikati yake karasha inanguruma. Mama Shija alisimama hapo juu muda mrefu. Akamgeukia mwanawe, akafungua mdomo, halafu akaufunga, maana swali lake halikuwa na maana tena mahali pale. Shija naye alikuwa anatazama mashimo. Uso wake ulibadilika polepole, ucheshi ukaondoka. "Kumbe ulipajua, mama," akasema. "Kumbe ndiko ulikokuwa unakuja, ukatuficha."

Tangu siku ile hakumwamini tena. Rashi iliisha kwa sababu hapakuwa na kitu, mashimo yakajaa maji, na hiyo nayo ikawa ushahidi kwake: mama alikwisha kuchukua. Mama Shija aliporudi nyumbani na kusema anataka kuuza makarasha, kijana aliona anataka kumnyang'anya urithi ili aende kula dhahabu yake peke yake. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakaa upande wa Shija. Mashine akachukua yeye. Mama akahamia Ngokolo, mtaa wa pili kutoka kwangu, na miaka yote hiyo tulikuwa tukikaa barazani kwake, mimi nikisema kwa sauti ya juu, yeye akiniuliza habari za mwanawe kuliko habari zangu. "Atakuja siku moja nimuulize," alikuwa akisema. Shija alikuja mara chache, na kila akija alitaka kujua mwamba uko wapi. Mama akimwambia habari za masikio, alicheka. Alisema hajawahi kuona uongo uliodumu namna ile.

Juzi, watu walipokwisha kula, hapakuwa tena na kisingizio. Shija akaniongoza nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuni. Amekuwa mtu mzima, kichwa kimeota mvi. Ingawa ni rika langu, huniheshimu kama mama mdogo kwa ajili ya urafiki wangu na mama yake; akaniamkia vizuri, nikaitikia. Kisha akasema, na jirani wa nyumba ya tatu nadhani alisikia, "Mama mdogo, mama amekwenda. Hakuna wa kumfichia tena. Alikuonyesha wapi?"

"Hakunionyesha kitu, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Alikuwa anatafuta mahali pa utulivu."

Akatabasamu lile tabasamu nililoliona kwa madalali, kwa mwenyekiti, kwa Sabina, na ambalo bila shaka mimi pia nilikuwa nalo siku nilipoupekua mkoba. Akainama, akanigeuzia sikio la kushoto. "Sema tena. Hili jenereta la kwaya linanguruma mno, sikusikii. Si wangelizima?"

Jenereta la kwaya lilikuwa hapo hapo karibu nasi, limefunikwa gunia. Lilikuwa limezimwa tangu umeme uliporudi, misa ikiwa katikati. Uani palikuwa kimya, ni kijiko tu cha mtu kilichokuwa kikikwaruza sufuria. Nilimtazama, na swali la mama yake likanijia mdomoni kama vile nimekabidhiwa mimi kulitunza.

"Shija," nikasema kwa nguvu, "unasikia mashine?"

"Naisikia ndiyo. Na wewe si unaisikia?"

"Hakuna mashine, mwanangu."

Akanikazia macho. Niliona kabisa alivyokuwa ananipima, ananitafutia sababu, nami nisingeweza kumlaumu, maana hata mimi nisingejiamini. Nikamshika mkono kama mama yake alivyomshika siku ile, nikaondoa gunia, nikauweka mkono wake juu ya bati la jenereta. Lilikuwa baridi. Alikaa hivyo ameinama, kiganja kikiwa pale, na sikuona kama ana nia ya kukiondoa.